Dakika 15 Mbele ya Darasa



Wahariri wameniomba niandike juu ya kuandaa na kuwasilisha mada, kwa ajili ya wenzetu wa mwaka wa kwanza ambao wiki chache zijazo wataanza kuitwa mbele kwenye semina. Nafikiri nimeombwa kwa sababu prezentesheni yangu ya mwaka huu ilikwenda vizuri, alhamdulillah. Waliosoma nami mwaka wa kwanza wanajua nilikotoka, nao wamenisitiri kwa kunyamaza. Acha niseme mwenyewe.

Mimi ni mzaliwa wa Palma, mji wa pwani ulio kaskazini kabisa mwa Cabo Delgado, Msumbiji. Ukitoka Mtwara ukavuka mto Ruvuma, kwetu si mbali. Nyumbani tunazungumza Kimwani na Kiswahili, majirani zetu Kimakonde, na shuleni Kireno. Nilipokuja kusoma hapa nilijua Kiingereza na Kiarabu vitanitoa jasho, ila Kiswahili nilikihesabu kuwa mali yangu. Kumbe nacho kilikuwa na mitego. Kwetu hesabu tumefundishwa kwa Kireno, na miaka tunaitaja kwa Kireno hata tukiwa katikati ya Kiswahili. Siku ya prezentesheni yangu ya kwanza nilitaka kutaja mwaka 1887, ikanitoka "mil oitocentos", nikasimama hapohapo nikitafuta "elfu moja mia nane" ilipo. Darasa likacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini moyo wa mtu aliyesimama peke yake mbele hautofautishi kicheko na kicheko.

Hilo lilikuwa dogo. Mada yangu ilikuwa "Historia ya Uislamu Msumbiji". Nilipewa dakika 15. Nilikuwa na slaidi 27, nyingi nimezitoa kwenye desa na kwenye intaneti, maandishi madogo yamejaa juu hadi chini, nami nikizisoma nimewapa watu mgongo. Kwenye slaidi ya tisa umeme ukakatika. Projekta ikazima, na kompyuta yangu, ambayo betri yake ilikuwa imekufa siku nyingi, ikazima nayo. Mhadhiri akasema kwa upole, "Haya, tusimulie tu." Nikafungua mdomo, sikuwa na cha kusimulia. Yote niliyokuwa nayo yalikuwa ukutani, na ukuta ulikuwa mtupu.

Ili kuniokoa, mhadhiri akafungua muda wa maswali. Kaka mmoja akanyoosha mkono: "Wewe ni wa Cabo Delgado. Hawa wanaoua watu huko kwa jina la dini walitoka wapi, na nyinyi Waislamu wa kule mlikuwa upande gani?"

Nikamjibu, "Mimi sikuwepo."

Nilikuwepo. Jumatano ya tarehe 24 Machi 2021, walipoingia Palma, nilikuwa Palma. Nilidanganya mbele ya darasa zima kwa sababu sikuwa nimejiandaa kulijibu swali ambalo kila mtu aliyeniangalia alikuwa nalo kichwani tangu niliposema jina la kwetu. Ndiyo maana nawaambia wa mwaka wa kwanza: kabla hujafungua kompyuta, kaa ujiulize watu hawa wakikuona umesimama na mada hii watataka kukuuliza nini. Swali lile utakalotamani lisiulizwe, anza nalo.

Mada yenye alama ya kuuliza

Mwaka uliofuata, kwenye kozi ya historia, nilipewa tena nafasi ya kuchagua mada. Nikamwendea mhadhiri na "Uislamu katika pwani ya Cabo Delgado". Akaniambia nikaiandike kama swali, mwisho wake niweke alama ya kuuliza, na kama swali lenyewe halijibiki kwa robo saa nisirudi kwake. Nikaandika "Uislamu uliingiaje Cabo Delgado?" Nikalifuta mwenyewe, maana jibu lake ni kitabu. Nikaandika juu ya tariqa: Shadhiliyya iliingia Kisiwa cha Msumbiji mwaka 1897, na Qadiriyya ikafuata miaka michache baadaye kutoka Zanzibar. Nayo ikanishinda, kwa sababu nilikuwa na tarehe tu na sikuwa na swali.

Mwisho nikafika hapa: kwa nini masheikh wa pwani ya Cabo Delgado katika karne ya 19 walimwandikia gavana wa Kireno kwa Kiswahili?

Swali hili lina mlango na lina kuta. Barua zenyewe zipo. Maktaba ya nyaraka za taifa iliyoko Maputo, Arquivo Histórico de Moçambique, ina mkusanyiko wa barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, nyingi za karne ile, kati ya watawala wa pwani na maofisa wa Kireno. Mtafiti Liazzat Bonate amezifanyia kazi na kuziandikia. "Sheikh" katika barua hizo mara nyingi ni kiongozi wa mji au wa eneo, si lazima awe mwanachuoni kama tunavyolitumia neno leo, na hilo peke yake lilikuwa jambo la kueleza darasani. Gavana wa Cabo Delgado wakati huo alikaa kisiwani Ibo. Wareno walihitaji wakalimani wa kuwasomea barua hizo, na walipojibu walihitaji wakalimani tena. Kwa maneno mengine, aliyekuwa na bunduki nyingi ndiye aliyelazimika kutafuta msomaji. Hapo nikaona nina jambo la kusema.

Kwetu lina uzito wake. Palma ipo kwenye ghuba ya Tungi, na Tungi ilihesabiwa chini ya Sultani wa Zanzibar hadi Wareno walipoipiga kwa mizinga na kuichukua mwaka 1887. Kaskazini yake kidogo ni Kionga, ambayo Wajerumani waliichukua mwaka 1894, Wareno wakaitwaa mwaka 1916, na mkataba wa Versailles wa 1919 ukathibitisha kuwa ni yao. Watu wa sehemu moja, misikiti ileile, wamehamishwa kutoka bendera hadi bendera bila kuondoka majumbani mwao. Nilitaka sana kuyasema haya yote kwenye prezentesheni. Nikabakisha mwaka 1887 tu. Kukata kunauma, lakini kila ulichokiacha kinakusaidia wakati wa maswali, kwa sababu unakijua na hakikukulia muda.

Barazani

Likizo ilipofika nilikwenda nyumbani na daftari langu. Nilifikiri nakwenda kukusanya habari. Nilichopata zaidi ni wasikilizaji.

Babu yangu na wazee wenzake hukaa barazani baada ya Magharibi wakisubiri Isha. Nikamwomba babu niwasemee mada yangu, wao wawe darasa. Jioni ya kwanza nilianza na utangulizi, kisha utangulizi wa utangulizi, nikaeleza umuhimu wa historia katika Uislamu, nikaeleza maana ya historia. Adhana ya Isha ikaingia sijafika Ibo. Wazee wakainuka kwenda kutawadha. Mmoja akanipiga bega akasema, "Mwanangu, kesho utufikishe basi."

Kuna hadithi aliyoipokea Imam Muslim kutoka kwa Ammar bin Yasir, radhi za Allah zimshukie, kwamba khutba fupi ya mtu pamoja na sala ndefu ni dalili ya fiqhi yake. Nilikuwa nimeisoma darasani na nimeijibia mtihani. Barazani ndipo nilipoielewa.

Jioni ya pili babu akaniuliza kama naweza kuzisoma hizo barua ninazozisifu. Nikasema naweza, nimesoma Kiarabu. Akachukua kalamu kwenye daftari langu akaandika ba yenye kasra, ya, kisha ba yenye kasra. "Soma."

Nikasoma, "Bibi."

Akawageukia wenzake. "Mjukuu wangu ananiambia bibi yake amepakiwa jahazini kwenda kuuzwa Zanzibar, frasila kumi." Wazee wakacheka mpaka mmoja akashika mbavu.

Neno lilikuwa "pembe". Herufi za Kiarabu hazina pe, na waandishi wengi wa zamani waliandika ba mahali pa b, mahali pa p, na hata mahali pa mb. Kasra ilikuwa i na ilikuwa e. Kwa hiyo bibi na pembe zinaweza kuandikwa sawasawa, na msomaji anajua ni ipi kwa kuijua habari yenyewe: ni barua ya biashara au ni barua ya nyumbani, imetoka kwa nani, msimu gani. Asiyeijua pwani hasomi barua ya pwani, hata akizijua herufi zote. Nilikuwa nimekaa miezi miwili nikitafuta jibu la swali langu vitabuni, na babu alinipa nusu yake kwa herufi tatu.

Babu pia ndiye aliyenieleza mpangilio wa barua za zamani kama alivyofundishwa utotoni: jina la Allah, kisha salamu na sifa kwa Kiarabu, kisha "wa baadu", na baada ya hapo Kiswahili na shida yenyewe. Nikamwambia hata sisi kwenye shughuli zetu chuoni tuna salamu ndefu, mshereheshaji anataja vyeo vya wageni wote halafu kila mzungumzaji anavitaja upya. Akauliza, "Na baadu yao inafika saa ngapi?" Tangu hapo, nikiandaa mada yoyote, naandika "baadu" pembeni mwa karatasi mahali maneno yenyewe yanapoanza. Ikiwa chini ya mstari wa tano, nakata.

Msikilizaji mgumu kuliko wote alikuwa bibi. Hakuja barazani. Nilimsemea mchana jikoni akimenya mihogo. Kila nilipomaliza hoja alisema, "Kwa hiyo?" Hakuwa ananikatisha, alikuwa anataka kujua. Nilipomwambia kwamba Wareno walihitaji mkalimani, akasema, "Kwa hiyo?" Nikamwambia kwa hiyo yule sheikh aliyeandika kwa Kiswahili hakuwa mtu asiyejua lugha ya serikali akaomba radhi; alikuwa anaandika kwa lugha ambayo mkataba wake, biashara yake na kadhi wake walikuwa wanaielewa, na aliyetaka kujua ameandika nini atafute njia. Bibi akanyamaza kidogo. Akasema, "Sasa umesema." Sentensi ile niliyomwambia bibi ndiyo iliyokuja kuwa jibu langu darasani, karibu neno kwa neno. Niliirekodi kwenye simu usiku uleule nisije nikaisahau, maana nilipokuwa nimeiandika kitaaluma ilikuwa na mistari sita na haieleweki.

Siku moja kabla ya kuondoka nilimweleza babu juu ya lile swali la mwaka wa kwanza na jibu langu. Hakunikemea. Alikaa akichezea tasbihi kisha akasema, "Ulichokiona ukiseme wewe. Kilichoandikwa waachie walioandika. Usichanganye." Halafu akaniuliza kama nimepata nauli.

Karatasi, slaidi na saa

Haya nitayapitia haraka, kwa sababu mengi mtaambiwa na wahadhiri wenu.

Niliandika mada yote neno kwa neno mara moja, kurasa nne. Nikaisoma kwa sauti na saa ya simu, ikachukua dakika 23. Nikakata hadi 13, maana mbele ya watu mtu huongeza maneno hata asipotaka. Kisha nikaiweka kando na kuandika kikaratasi kimoja chenye maneno saba na miaka miwili. Miaka niliiandika kwa maneno ya Kiswahili, "elfu moja mia nane themanini na saba", mnajua kwa nini. Sikukariri isipokuwa sentensi ya kwanza na ya mwisho. Anayekariri yote, akisahau neno moja hupoteza na yaliyo nyuma yake, kama mtoto wa madrasa anayerudishwa mwanzo wa sura.

Slaidi zilikuwa nne: ramani ya pwani kutoka Ruvuma hadi Ibo, mfano wa mwandiko, jedwali la herufi zinazochanganywa, na swali langu. Kitu ambacho mdomo unaweza kukisema usikiweke ukutani. Na nilichapisha ramani kwenye karatasi, kwa ajili ya umeme.

Juu ya woga nina neno moja. Wengi wetu husoma dua ya Nabii Musa, alayhi salaam, iliyo katika Surat Twaha kuanzia aya ya 25, anapomwomba Mola wake amkunjulie kifua, amrahisishie kazi na amfungue fundo la ulimi ili wamwelewe. Nami huisoma. Lakini tazama kwamba hakuishia hapo. Aliomba na msaidizi, ndugu yake Harun, na katika Surat al-Qasas akasema wazi kwamba Harun ana ufasaha kumshinda. Nabii hakuona haya kusema hivyo. Mimi Harun wangu ni mwenzangu wa chumbani. Alikaa kiti cha nyuma kabisa. Tulikubaliana akishika sikio maana yake sauti haifiki, akiweka mkono mezani maana yake naenda mbio. Aliweka mkono mezani mara tatu.

Kwenda mbio ni ugonjwa wetu sote. Bibi Aisha, radhi za Allah zimshukie, ameeleza kwamba Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alikuwa akizungumza kiasi kwamba anayetaka kuyahesabu maneno yake angeweza. Na Anas ameeleza kwamba jambo alilisema mara tatu mpaka lifahamike. Jaribu kulirudia jambo lako kuu mara tatu ndani ya dakika 15, kila mara kwa namna nyingine kidogo, uone kama kuna atakayechoka. Mimi nililisema mwanzo, katikati na mwisho, na bado mmoja aliniuliza baadaye, "Kwani ulikuwa unasemaje hasa?"

Siku yenyewe

Nilitoa salamu, nikageuka, nikaandika ubaoni kwa chaki: ba, ya, ba, na kasra zake. Nikasema, "Naomba mtu anisomee."

Darasa la wanafunzi wa dini, herufi tatu. Wakasoma kwa pamoja, kwa kujiamini: "Bibi!"

Nikawaambia huyo bibi yupo kwenye orodha ya mizigo ya jahazi. Wakacheka, na safari hii walicheka pamoja nami. Nikawaambia neno ni pembe, nikaeleza kwa nini, kisha nikauliza swali langu. Dakika mbili zilikuwa hazijaisha. Nilikuwa nimefika kwenye baadu.

Sitarudia mada yote hapa. Kulikuwa na mahali nilipotea, nikaangalia kikaratasi, nikakaa kimya pengine sekunde tano. Niliziona kama mwaka. Mwenzangu wa nyuma aliniambia hakuna aliyejua kama nimepotea, walidhani nawapa muda wa kufikiri. Nikamaliza kwenye dakika ya 14 na sentensi ya bibi.

Mhadhiri akauliza kwanza. Je, masheikh hao waliandika wenyewe au walikuwa na makarani? Na kama ni makarani, nina haki gani ya kusema "sheikh alichagua Kiswahili"? Hilo sikuwa nimelitenganisha. Nikasema ni kweli, wengine walikuwa na waandishi, na kwamba nilipaswa kusema barua "zilitoka kwa" sheikh. Hapo nilipunguziwa maksi, na ni haki yake.

Kisha dada mmoja wa mwaka wa tatu, aliyekuja kusikiliza tu, akanyoosha mkono. Akaniuliza kwa adabu kwamba pwani yenye historia hii ya elimu na maandishi, imekuwaje imetoa watu wanaochinja wenzao huku wakilitaja jina la Allah.

Nikasema, "Mwaka wa kwanza niliulizwa swali kama hili nikajibu kwamba sikuwepo. Nilikuwepo. Nisameheni."

Nikawaambia niliyoyaona. Risasi zilianza alasiri. Tulikimbilia kwenye mikoko na maji yalikuwa yanajaa. Waliojificha pamoja nami walikuwa Waislamu kama mimi. Mzee mmoja alikuwa akisoma Yasin kwa sauti ya chini sana, na mama mmoja alikuwa amemziba mwanawe mdomo kwa kanga. Waliokuwa wakitutafuta walikuwa wakipiga takbira. Takbira ileile. Tulitembea usiku hadi Quitunda, karibu na Afungi, na baadaye tukapata boti hadi Pemba. Hayo ndiyo yangu.

Kisha nikawaambia yaliyoandikwa, na nani kayaandika. Mwaka 2019 Saide Habibe, ambaye mwenyewe ni sheikh, pamoja na Salvador Forquilha na João Pereira, walichapisha Maputo utafiti juu ya Mocímboa da Praia, mji ulioshambuliwa wa kwanza, tarehe 5 Oktoba 2017. Wameeleza kwamba miaka kabla ya shambulio lile vijana wa kundi hilo walijitenga na misikiti ya wazee, wakajenga yao, wakaingia misikitini na viatu, wakakataza watoto wasiende shule za serikali, na kwamba viongozi wa Waislamu wa pale walibishana nao na kupeleka taarifa kwa serikali. Mtafiti Eric Morier-Genoud naye ameandika juu ya mwanzo wa kundi hilo na namna Waislamu wenzao walivyolipinga mapema. Watafiti wanataja pia umaskini, vijana wasio na kazi katika ardhi yenye gesi na rubi, na mafunzo yaliyotoka nje, na hawakubaliani ni lipi lenye uzito zaidi. Nikawaambia hilo nalo: hawakubaliani. Kufikia mwaka 2022 Umoja wa Mataifa ulitaja karibu watu milioni moja waliokimbia makwao, na wale wa pwani wengi wao ni Waislamu.

Nilibakiwa na kitu kimoja. Nikasema kwamba wenzangu wawili tuliosoma nao juzuu Amma kwenye madrasa moja hawajulikani walipo tangu mwaka 2020. Sijui kama walichukuliwa kwa nguvu au walikwenda wenyewe. Mama wa mmoja wao hunisalimia kila nikienda likizo na hajawahi kuniuliza kitu. "Sijui," nikasema, nikanyamaza.

Tunasoma kwamba Imam Malik, Allah amrehemu, aliulizwa maswali mengi na mengi katika hayo akajibu kwamba hajui. Nilikuwa nadhani ni kisa cha unyenyekevu. Siku ile niliona kwamba ukisema sijui mahali pake, watu wanakuamini hata kwenye yale uliyosema unayajua. Yule dada aliandika kitu kwenye daftari lake, akasema "Jazakallahu khayran", akakaa.

Wenzangu wa mwaka wa kwanza, kama mada yako inagusa kwenu, usiikimbie, ila jiandae mara mbili. Iandae mada, halafu jiandae wewe mwenyewe. Mimi nililisema jibu lile peke yangu zaidi ya mara kumi, uwanjani baada ya Alfajiri, ili sauti isikatike. Ilikatika mara moja tu, kwenye kanga.

Jioni nikampigia babu. Mtandao wa Palma una siku zake, ila siku ile ulishika. Nikamwambia imekwisha, imekwenda vizuri. Hakuuliza maksi.

"Uliwaandikia lile neno?"

"Niliwaandikia, babu."

"Walisomaje?"

"Bibi."

Nikamsikia anaiweka simu pembeni na kuwaambia walio barazani, na kicheko chao kikanifikia kabla laini haijakatika.